Weka Tairi za Lami, Muhonja

Muhonja mama,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako nimeiona mchana kutwa. Huli, hukai, unazunguka tu hiyo gari ukiifuta mahali baba yako alishafuta. Sasa umeenda kumuaga kukhu wako, mama ya baba yako, na mvua imekufungia huko. Naisikia ikipiga mabati. Acha ipige! Ikikuweka huko mpaka giza liingie nitamaliza kuandika, maana mimi na wewe tukikaa meza moja tukagusa habari ya tairi, ni vita. Karatasi haina mdomo wa kunijibu.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, wala ya kulala mapema, wala ya kanisa, wala ya wanaume wa Nakuru. Hayo nimeyasema tangu uende bweni kidato cha kwanza, na nikiongeza neno moja utapindua macho kama kawaida yako. Nataka kukuandikia habari ya tairi. Ndiyo, tairi. Kesho saa mbili asubuhi unapita kwa fundi pale mjini Kakamega, akufungie nne mpya, kisha safari, Nakuru. Ofisi yenu ilisema dereva achague aina moja na akae nayo mpaka iishe. Kwa hivyo utakachosema kesho asubuhi ndicho utakachotembelea, na mimi tangu Jumamosi nimekusumbua mpaka umenuna. Kabla ujibu fundi, nisikilize mara moja ya mwisho.

Lakini kwanza niseme hili, nisije nikasahau kwa sababu ya ugomvi. Nina furaha, Muhonja! Nina furaha mpaka nimetia chumvi mara mbili kwa mboga jana na hakuna aliyethubutu kuniambia. Ijumaa ulinipigia simu ukasema, "Mama, toka nje." Nikatoka na mwiko mkononi. Sikusikia gari. Nikadhani unanichezea, nikaanza kukurushia maneno kwa simu. Kugeuka hivi, pikapu nyeupe imesimama kando ya tangi la maji, na wewe uko ndani umeshika usukani unacheka! Ilipanda kilima chetu chote bila mtu kuisikia. Hata mbwa alikuwa amelala. Mbwa aliamka kwa sababu ya nduru yangu, si kwa sababu ya gari. Baba yako naye akatoka na fimbo akijua kuna nyoka.

Ati ni ya stima tupu! Haina dizeli, haina moshi, haina hata bomba la moshi. Nililala chini kwa mgongo na leso yangu ya kanisa nikaangalia huko chini, na nikakuta pamenyooka safi, hakuna kitu cha kumwaga oili. Mimi niliyeendesha pikapu ya petroli miaka yote ile, nikibeba mama wa soko na magunia yao kutoka Shinyalu mpaka Kakamega, nikilala chini ya gari kila wiki nikitoka na uso mweusi, nimezaa dereva wa gari isiyo na oili. Na kazi yenyewe ni vifaranga! Vifaranga wa siku moja, unawatoa pale wanapoanguliwa Nakuru, unapanda nao Timboroa, unashuka nao Eldoret mpaka Kitale. Mtu wa kwetu akipewa kazi ya kusafirisha kuku, hiyo si kazi, hiyo ni heshima. Nimeambia watu wa kanisa lote. Wengine nimewaambia mara mbili.

Sasa turudi kwa ugomvi.

Jumamosi mvua ilinyesha, na mimi nikajipiga kifua nikasema nipe usukani. Ukaniambia, "Mama, iguse polepole, hii haina utani." Nikasema nani, mimi? Mimi nimeendesha kabla hujazaliwa. Nikagusa tu pale pa mafuta. Ona, bado nasema mafuta! Nikagusa pedali, na gari ikaruka mara moja kama ng'ombe aliyechomwa na nyuki. Tairi za zamani zimeisha kabisa, zimekuwa laini, na udongo wetu ukishalowa unajua ulivyo. Tulikwenda kando, kando, kando, mpaka tukaingia katika nyasi za nepia za jirani, Baba Shitanda. Na kwa sababu gari haina kelele, Baba Shitanda alikuwa hapo hapo anakata nyasi, akatuona tumefika tu. Alitupa panga akakimbia! Jioni nzima watu wakisukuma gari walikuwa wanaimba, "Mama Muhonja ameangushwa na stima!" Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeudhika.

Na hapo ndipo nilipoanza.

"Umeona?" nikakuambia, matope yakiwa mpaka kwa kilemba. "Hii gari inataka tairi za meno."

"Mama, hiki ni kilima kimoja tu."

"Ni kilima cha kwenu!"

"Kazi yangu haiko kwa hiki kilima. Kazi iko kwa lami."

Ukanieleza vizuri, nakubali ulinieleza vizuri, ni mimi nilikataa kusikia. Ulisema zile za meno, zile fundi anaita za ardhi zote, ni nzito na zinashika sana barabara, na gari ya stima ikizivaa betri inaisha haraka. Ukasema kupanda Timboroa kunakula betri, na kule juu kuna baridi, na vifaranga wanataka joto, na joto lenyewe linatoka kwa betri hiyo hiyo. Kwa hivyo betri ikiisha kabla ya pale pa kuchaji, si wewe tu unayesimama kando ya barabara ukingoja msaada. Ni maboksi na maboksi ya vifaranga nyuma yako wanaolia na baridi. Ukasema hizi zingine, za misimu yote, zinaenda kwa wepesi kwa lami, zinashika hata kwa mvua ya kawaida, na wakulima wanakuja kuchukua vifaranga kwa agroveti, yale maduka ya dawa za mifugo, pale pale barabarani, boda ndizo zinawapeleka vijijini. Unaona? Nimekariri. Nilikuwa nasikia, hata nilipokuwa nimegeuza uso upande ule.

Na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu, "Na ukikwama?" Ukanipa sababu nyingine. Nikasema, "Na ukikwama?" Jana baada ya kanisa nikarudia tena. Baba yako akachoka akasema tairi ni tairi, nyote mnyamaze, chai inapoa.

Ngoja nikaangalie sufuria.

Nimerudi. Ingokho bado ni ngumu kidogo, ni yule jogoo mwekundu, unajua alivyokuwa na kiburi. Harufu imefika mpaka barabarani, nina hakika. Nyaya zako za kuchaji zimepita dirisha hili hili la jikoni, na kila nikiingia naziruka, nikikumbuka kwamba gari inakula wakati sisi tunapika. Tokeni ya stima imekwenda mbio leo, lakini sitaki kusikia pole yako. Gari ya mtoto wangu imekula kwangu, basi.

Sasa nikupe hadithi ya tairi zangu za meno. Nusu yake umewahi kuisikia kutoka kwa mjomba wako, lakini yeye huisimulia akinionea.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye pikapu, na wanawake madereva huku hawakuwa wengi. Kila nikipita mtu ana la kusema. Sasa mjomba wako alikuwa na fahali wake, Mkorofi, fahali mkubwa mweusi aliyekuwa ameshinda mara nyingi, na ilikuwa inakuja siku ya mchezo wa fahali hapa Shinyalu. Unajua mambo ya asubuhi hiyo. Watu wanaamkia kwa mwenye fahali kabla ya jua, ngoma za isukuti zinalia, wanaume wanakimbia na matawi mkononi, fahali anasindikizwa mpaka uwanjani. Nikaambiwa pikapu yangu itabeba wazee na ngoma, ifuate nyuma ya fahali. Mungu wangu! Nilijiona nimefika. Nikawaza, uwanja utakuwa na matope, watu wote wa Isukha na Idakho watakuwa pale, na mimi siwezi kukwama mbele yao. Nikaenda nikafunga tairi za meno, kubwa, za kutisha. Wiki nzima nikawa naendesha polepole mbele ya watu ili wazione.

Ile siku ikafika. Mkorofi mbele, wanaume kandokando, mimi nyuma na isukuti juu ya pikapu. Kwa njia ya udongo tulienda salama. Tukafika pale tunaposhika lami kidogo kabla ya uwanja, nikaongeza mwendo ili nisiachwe. Mama, hizo tairi zikaanza kunguruma! Tairi za meno kwa lami zinalia, na mimi sikujua zitalia namna hiyo, sikuwa nimeziendesha kwa mwendo. Mkorofi alikuwa anaijua pikapu yangu, alikuwa anaisikia kila siku ikipita shambani. Lakini mngurumo ule hakuwa ameujua. Akasimama. Akageuza shingo. Akaniangalia mimi, nakuapia aliniangalia mimi, kisha akaruka mtaro akaingia kwa majani chai ya watu, akakimbia mpaka nyumbani.

Fahali aliyeshinda wote alikimbizwa na tairi za dada ya mwenye fahali! Ngoma zikanyamaza. Wazee waliokuwa nyuma wakashuka mmoja mmoja bila kunitazama. Na uwanja wenyewe, kumbe siku hiyo ulikuwa mkavu kabisa. Mjomba wako hakuongea na mimi mpaka mahindi yakavunwa, na mpaka leo akiona tairi kubwa anasafisha koo.

Hiyo ni ya kucheka, na nacheka nikiiandika. Lakini sehemu ambayo mjomba wako haijui ni hii. Nilibaki na zile tairi. Kila siku nilikuwa kwa lami, Shinyalu na Kakamega, Kakamega na Khayega, na petroli ikawa inaisha kabla sijamaliza mzunguko. Mama wa soko wakalalamika, wakasema kwa hiyo kelele hawawezi hata kusengenya mtu kwa raha. Wengine wakahamia gari zingine. Na kila nikishika ule usukani unaotetemeka nilijua kwamba nilivalisha gari kwa ajili ya asubuhi moja na macho ya watu, na zile asubuhi zingine zote zikawa zinalipia. Hata hivyo sikumwambia mtu. Nilisema ni tairi nzuri sana.

Wewe una gari isiyo na injini ya kufunika kelele. Zile za meno zikilia, ni wewe na vifaranga mtakaosikiliza kutoka Nakuru mpaka Kitale. Maskini vifaranga! Wametoka kwa yai jana, salamu ya kwanza ya dunia ni mngurumo.

Kwa hivyo utaniuliza, mama, kama uliyajua hayo yote, kwa nini umenisumbua siku tatu? Swali zuri. Nami nimejiuliza leo tu.

Leo asubuhi nilikudanganya. Nilisema naenda sokoni kununua dania. Dania tunayo nyuma ya nyumba, na nilishangaa hukuniuliza. Nilikwenda kwa fundi wa tairi. Nilikuwa nimeamua, Muhonja. Nilikuwa nimebeba hata pesa yangu ya chama cha akina mama niongezee juu ya ile ya ofisi, kwa sababu za meno ziko ghali kidogo. Nikajisemea akija kesho atakuta zimeshapangwa, hana la kufanya, atakasirika njiani mpaka Kisumu Ndogo halafu itaisha.

Nikamkuta fundi mwenyewe, yule kijana Juma, wa Mumias. "Salaam aleikum, mama," akasema, akanipa kiti nikakataa kukaa, maana nilikuja kwa vita. Nikamwambia, "Ile pikapu ya stima inayokuja kesho, weka za meno. Mimi ndiye mamake."

"Mama ya gari ama mama ya dereva?"

"Ya dereva. Usinicheze."

Akacheka, akazitoa ndani akaziegemeza ukutani. Nzuri sana! Nyeusi tii, meno yamekaa kama ngazi, zina ile harufu ya mpira mpya inayopanda kichwani. Nikazipiga teke kidogo kama zamani. Moyo wangu ukatulia. Kisha akachukua kalamu akauliza, vivi hivi tu, vile anavyouliza kila mtu, "Hii gari itafanyanga kazi wapi sana sana, mama?"

Nikafungua mdomo niseme Nakuru. Ikatoka, "Nyumbani."

Akaniangalia. "Nyumbani ni wapi? Dereva aliniambia ni Nakuru mpaka Kitale."

Nilisimama pale mbele ya tairi nne, mama. Nikaona kile kilima chetu, nepia ya Baba Shitanda, geti letu, mimi nimesimama na mwiko. Hapo ndipo nilikuwa nataka ile gari ifanye kazi. Si Timboroa, si Kitale. Nilikuwa nimechagua tairi za gari inayokuja kwangu. Inayoenda sikuwa hata nimeifikiria. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yale machozi hayakuwa ya kucheka yote. Juma akaniletea maji ya chupa. Akauliza kama presha inanisumbua.

Kuna kitu sijawahi kukuambia kwa sababu sikutaka umuone vibaya bibi yako, mama yangu mimi. Kabla nikuzae, kuna tajiri mmoja wa nafaka alinitafuta. Alikuwa anataka dereva wa kupeleka mizigo Kitale mpaka Lodwar, lori kubwa, mshahara, safari ndefu. Alikuwa ameniona jinsi ninavyorudi nyuma na pikapu ndani ya soko bila kugusa mtu, akasema huyu ndiye. Mimi! Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilimwambia mama nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Naye hakunikataza. Angenikataza ningebishana naye, na kubishana nilikuwa najua. Aliendelea kuchambua mboga, akauliza tu, "Na mimi nitapelekwa kliniki na nani?"

Kakamega ilikuwa na gari tele, Muhonja. Kliniki yenyewe ilikuwa hapo kwa kutembea. Lakini nilisikia nilichosikia, na sikuenda. Lori lilipewa mtu mwingine, na mimi nikabaki na soko langu. Sikujuta maisha yangu, usifikirie hivyo, maana ningeenda Lodwar baba yako ningekutana naye wapi? Lakini nilimnunia mama. Nilikuwa nampeleka hiyo kliniki bila kumsemesha njiani. Tulikuja kupatana, na alipofariki tulikuwa tunacheka pamoja, lakini ile miaka ya kununiana hakuna mtu aliyeturudishia. Na leo kwa Juma nikasikia sauti yake ikitoka mdomoni mwangu. "Na ukikwama?" ni ile ile "Na kliniki?" Maneno ni tofauti, shati ni moja. Nilikuwa nataka kukufungia gari mguu, na nilikuwa nataka unishukuru.

Nikamwambia Juma azirudishe ndani. Nikamwambia dereva atakuja mwenyewe kesho, na atakachosema ndicho. Akasema, "Sawa mama, na huo mfuko ni wa nini?" Kumbe nilikuwa nimeshika mfuko mtupu wa sokoni muda wote.

Kwa hivyo sasa nakuandikia kama dereva kwa dereva, na hapa sitapunguza neno. Ukichukua za misimu yote, angalia ziwe za kubeba mzigo. Gari yako ni nzito, betri peke yake ni ng'ombe mzima chini ya miguu yako, na kuna wauzaji watakaokuwekea za gari ndogo kwa sababu tu zinaingia. Juma hawezi, lakini huko mbele hutakuwa na Juma. Pima upepo asubuhi kabla gari haijatembea. Na kwa kuwa ile pedali haina subira, usiondoke kwa hasira, maana tairi zitaisha haraka na utasema barabara ni mbaya. Hayo ndiyo tu. Mengine unayajua kunizidi, na nafurahi kuandika hivyo, hata mabati yakinipigia kelele. Mvua hii!

Nitakosa usingizi siku yako ya kwanza ya Timboroa, hilo nakuambia waziwazi. Nitakuwa naangalia simu kila saa. Nikikupigia na uko kwa usukani, usishike, niache nilie na simu yangu. Hofu ni yangu, nitaibeba mwenyewe, nimeshabeba magunia mazito kuliko hiyo. Wewe beba vifaranga.

Halafu kuna habari ya imondo, firigisi yenyewe. Leo usiku jogoo akiwekwa mezani, imondo ni yako. Usianze kushangaa, usianze kukataa ati ni ya baba. Najua firigisi ni ya mwenye nyumba, nimeipakua mimi mwenyewe kwa sahani yake tangu nimeolewa, na hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyeila mbele ya watu. Leo mwenye safari ni wewe, na mwenye kuku ni wewe, wa kuku wote kutoka Nakuru mpaka Kitale. Nimemwambia baba yako mvua ilipoanza. Aligeukia sufuria akaiangalia. Nikadhani tumeharibu. Kisha akauliza, "Na shingo? Shingo inabaki?" Nikamwambia shingo ni yake. Akaenda akachukua kitambaa akafuta gari tena, mara ya tatu leo, kwa mvua. Yule mtu anayesema tairi ni tairi. Ukiona amekaa kimya mezani, ujue anakupenda na hajui pa kuweka mikono.

Nasikia watu wakiongea huko chini, nadhani ni wewe na binamu zako mnapanda. Mnacheka. Lazima mmoja ameanguka kwa matope. Nimalize haraka.

Barua hii nitaiweka kwa kiti cha dereva asubuhi wakati unaoga. Isome kabla ya kutoka, ama isome pale kwa Juma, lakini isome kabla hajashika spana. Ukifika umwambie bila kuangalia nyuma, za misimu yote, nne. Usifikirie kilima chetu hata kidogo. Nimekifikiria mimi.

Nilipotoka kwa Juma nilipitia pale chini kwa lami, kwa yule mama mwenye mashine ya kusaga. Nimeongea naye. Ukija nyumbani wakati wa mvua, usijaribu kupanda, Baba Shitanda amezeeka na hawezi kukimbia tena. Egesha kwa huyo mama wa mashine, ndani ya ua, amekubali, na soketi ya kuchaji iko pale pale ukutani, nimeijaribu na simu yangu. Nyuma ya mlango wa mashine kuna msumari. Nimetundika gambuti zako za matope hapo, mpya, nyekundu kwa sababu nyeusi ungesema ni za mzee. Za kwangu ziko hapa mlangoni, sitaziweka ndani tena. Nipigie tu ukikata kona ya kuingia Shinyalu, na kabla hujazima gari nitakuwa nimeshuka na mwavuli, tupande kwa miguu tukisengenya.

Nenda, mama. Weka tairi za lami. Hicho kilima niachie mimi.

Mama yako